Mkanda Uliolia Kifuani

Huyu tunayemsindikiza leo alizaliwa tarehe 14 Mei 1968, katika nyumba ya kupanga nyuma ya karakana ya garimoshi, mtoto wa pili wa fundi mitambo na mkunga.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani, kisha sekondari ya bweni, na mwaka 1992 akahitimu uhandisi wa mitambo. Chuo kikuu kikambakiza, katika idara ambako wahandisi wa mitambo, wa umeme na madaktari hukaa meza moja na kubishana mpaka chai inapoa.

Mwaka 1997 aliolewa na fundi cherehani. Alikuwa amempelekea koti lipunguzwe, akasikia cherehani inakwaruza, akaifungua palepale. Alipoifunga, skrubu moja ikabaki.

"Na hii, dada?"

"Hiyo ya ziada."

"Basi usiende mbali. Ikinigomea nitakuita."

Utafiti wake mkubwa ulikuwa mkanda wa kifuani unaosikiliza moyo na kulia mapigo yakienda kombo. Mumewe ndiye aliyeushona. Idara yao ina desturi: kifaa hakimgusi mgonjwa kabla aliyekibuni hajakivaa. Machi mwaka jana akauvaa, ukalia.

"Mama, mkanda wako una kiherehere!" wenzake wakacheka. Wakabadilisha betri, wakachomelea waya upya, wakaandika taarifa ya hitilafu. Wiki kadhaa walihangaika na mkanda; aliyeuvaa hakuna aliyemtazama. Mwishowe mhandisi wa umeme, waliyemwita Waya, akajifunga mwenyewe. Kimya. Akajifunga daktari wao. Kimya. Uliporudi kwa marehemu ukalia tena; wakaacha mkanda, wakampeleka yeye hospitali.

Hospitali walikuta misuli ya moyo imenenepa, ugonjwa unaoweza kurithiwa. Tangu hapo hofu ikahamia nyumbani. Wanawe wawili wa kiume waliuvaa, ukanyamaza. Kitindamimba, binti aliye mwaka wa pili wa uhandisi, akakataa. Akipanda ngazi anashika kifua. Simu ikiita anaruka.

"Mama, nikijua ndio nitaumwa."

"Mwanangu, hata mimi naogopa. Vaa, tuogope tukijua."

Dawa zilimsaidia kwa muda, kisha moyo ukachoka. Alifariki wodini asubuhi ya tarehe 9 Februari mwaka huu, binti huyo akiwa amemshika mkono. Mkanda alikuwa bado hajauvaa.

Ameacha mume, watoto watatu, mjukuu mmoja, dada yake mkubwa, na meza nzima ya wenzake.

Kitindamimba ameomba hili lisomwe mbele yenu, asije akapata pa kujificha: tukitoka hapa kaburini anakwenda maabara, na baba yake ndiye atakayemfunga mkanda. Msimwambie asiogope. Mfuateni tu.

Mama, lala salama. Mtoto tumemshika.