Kanuni ya Msiba ya Bi. Shamsa

Tarehe 30 Juni 2007 Bi. Shamsa Muksini anastaafu, baada ya miaka kumi na tano katika Kituo cha Mawasiliano Mwambao, Kyela mjini. Nimeombwa niandike kwa furaha. Nitajitahidi, lakini wanaonifahamu wanajua sura yangu haifichi kitu, na kalamu yangu ni hivyo hivyo.

Alianza mwaka 1992, enzi za simu za kulipia, akipokea simu na kumtuma mtu amwite anayetafutwa. Simu ya msiba hakumwachia mtu. Alijifunga khanga, akapakiwa kwenye baiskeli mpaka Talatala au Njisi, akamtafuta mjomba au mzee wa ukoo, na huyo ndiye aliyekwenda kumkalisha mfiwa chini na kumwambia. Watu wakaanza kumwogopa. Akienda kwa mtu kwa jambo la kawaida, ilimbidi apaze sauti tangu barabarani kwamba amefuata mayai tu.

Kompyuta zilipokuja tukafungua Baraza la Mwambao, jukwaa la mtandaoni la watu wa Kyela popote walipo. Bi. Shamsa akapewa usimamizi, akaandika kanuni tatu: salimia kwanza, sema wewe ni mtoto wa nani, msiba hauandikwi hapa mpaka mfiwa awe ameambiwa na mtu aliyekaa naye. Kila ujumbe ulipita kwake kabla ya kuonekana. Kijana mmoja aliyejiita Simba wa Ziwa aliingia akitukana. Bi. Shamsa alimjibu kwa salamu ya Kinyakyusa: "Ugonile kwanza, mwanangu. Baba yako nani? Matusi tutayazungumza baadaye." Bi. Shamsa mwenyewe ni mtoto wa mwenye duka wa asili ya Pwani, na Kinyakyusa chake kinatushinda wengi wetu.

Mwaka jana uongozi mpya ukatuletea semina. Mtaalamu kutoka Dar es Salaam, ambaye hakuwahi kulisoma Baraza hata siku moja, akatutungia dhamira: "Kuwa kinara wa habari za papo kwa papo." Kanuni za mwenendo alizinakili huko alikozitoa. Moja ilikataza kuuza bunduki, utadhani kuna mtu Kyela aliyewahi kuleta bunduki Barazani. Kanuni ya msiba ikafutwa kwa kuwa inachelewesha habari, na ujumbe ukaachwa uonekane bila kupita kwa msimamizi kwanza. Bi. Shamsa alisimama akapinga. Akaambiwa, mbele yetu sote, kwamba mambo ya khanga na baiskeli yamepitwa na wakati.

Mwezi Machi mwaka huu kijana wetu Aliko alifariki kwa ajali ya gari huko Dar es Salaam. Rafiki yake akaandika Barazani, na ujumbe ukaonekana papo hapo, kama dhamira ilivyotaka. Mjomba wa marehemu alikuwa ameshapigiwa simu, yuko njiani na wazee wenzake kwenda kwa mama mtu, Marta, mfinyanzi wa Lyulilo. Hawakuwahi. Mchuuzi aliyepitia kituoni kwetu asubuhi kusoma habari aliwatangulia sokoni. Alichagua chungu, na huku anakigeuzageuza akampa Marta pole kwa kufiwa na mwanawe. Alidhani anajua. Marta aliangukia vyungu vyake mbele ya soko zima.

Uongozi ulikaa kikao ukatamka kwamba hakuna kanuni iliyovunjwa. Ni kweli. Walikuwa wameshaifuta. Nimekasirika tangu siku ile na sioni sababu ya kuacha. Aliyekwenda Lyulilo kumwomba Marta radhi ni Bi. Shamsa, peke yake, ilhali gari la kituo limeegeshwa uani.

Leo uongozi utamkabidhi dhamira hiyo hiyo ndani ya fremu ya kioo. Zawadi yetu wafanyakazi ni nyingine. Kuanzia Jumatatu kiti chake nakikalia mimi, Ipyana, ujumbe utapita tena kwangu kwanza, na wowote wa msiba nitauzuia mpaka mfiwa aambiwe. Anayetaka kunifukuza kwa hilo aandike kanuni, atie na sahihi yake.

Bi. Shamsa, ndaga fijo, asante sana. Tunakuombea afya, usingizi wa kutosha, na safari za kufuata mayai tu. Na siku jambo likimpata mmoja wetu, hutalisoma popote. Mtu atakuja mpaka kwako, atakaa, ndipo atasema.