Wema Mwakalinga, Aliyetuuliza Tuna Mawazo Gani

Marehemu Dk. Wema Mwakalinga alizaliwa tarehe 14 Machi 1968, Tukuyu, wilayani Rungwe, akiwa mtoto wa kwanza wa Mwalimu Ambokile na Mama Tusekile. Mimi, Tomasi, nilimfuata. Nilipoletwa nyumbani alidhani nimekuja kutembea tu, na mpaka mwaka huu alikuwa bado ananiuliza nitaondoka lini.

Alisoma shule ya msingi hapo hapo Tukuyu, akaenda sekondari ya Loleza, Mbeya, kisha Muhimbili, alikohitimu ufamasia mwaka 1993. Tangu hapo, nyumbani kwetu hakuna aliyemeza kidonge kabla Dada hajasoma karatasi yake yote kwa sauti, huku mwenye kuumwa kichwa akisubiri.

Tarehe 7 Desemba 1996 alifunga ndoa na Bwana Shadrack Kyando jijini Mbeya. Mwaka 2003 walihamia hapa Toronto, nami nikawafuata baadaye. Walipanga mtaa wa Crescent Town, wakamlea hapo binti yao, Asumpta. Asumpta anaelewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza. Mama yake akawa anajifanya kiziwi mpaka ajibiwe vizuri.

Mwaka 2019 alijiunga na watafiti wa kanabidioli. Hayo ni mafuta yanayotolewa kwenye mmea wa bangi, ila hayaleweshi, nao walitaka kujua kama yanapunguza wasiwasi na kuleta usingizi. Maneno hayakukawia kufika Tukuyu. Mama alimpigia Dada simu mara moja tu: "Nimekusomesha uende kuwauzia Wazungu bangi?" Akakata. Baada ya hapo hakupokea tena simu yake. Dada aliumia sana. Alikuwa anacheka na sisi mezani, halafu anaingia jikoni kulia.

Kazini nako mambo yalikuwa magumu. Yeye mwenyewe ndiye aliyetafsiri maswali kwa ajili ya wazee wetu wanaozungumza Kiswahili, na swali la kwanza likawa, "Je, una wasiwasi?" Wote wakajibu hawana. Siku moja alikuwa mtaa wa Thorncliffe Park, hapa hapa Toronto, kwa Mzee Roshanali, mzaliwa wa Tabora, ambaye ametuheshimu kwa kuwa nasi hapa leo. Mzee alikuwa hajalala vizuri tangu afiwe na mkewe, na mguu wake ulikuwa unatikisa meza hadi chai inamwagika. Dada akamuuliza. Mzee akajibu, "Sina wasiwasi, mwanangu. Jisikie uko nyumbani."

Dada alicheka njia nzima kurudi. Kumbe alikuwa anawauliza watu ugonjwa, wao wanamkaribisha. Alirudi siku iliyofuata akauliza upya: "Mzee wangu, una mawazo?"

"Mawazo?" Mzee akasema. "Hayo ninayo hata ya kuwagawia majirani." Akaanza kueleza, na chai ikapoa. Maswali yote yakaandikwa upya.

Agosti 2021 nilikuwa likizo Tukuyu. Dada alinipigia, nami nikamwekea Mama simu sikioni bila kusema ni nani. Dada hakujitetea wala hakutaja mafuta. Aliuliza tu, "Mama, una mawazo gani?" Mama akaanza kusema. Alisema halali tangu Baba afariki mwaka 2016. Alisema pia jambo ambalo sisi watoto hatukuwahi kulisikia, kwamba kaka yake alivuta bangi mpaka akili ikamruka, akafia barabarani. Alikuwa anaogopa kumpoteza Wema pia. Walilia pamoja, na simu zikaanza tena. Baadaye Mama akawa ndiye anayeyataka hayo mafuta. Dada akamkatalia: "Bado hatujapata jibu, Mama."

Jibu la utafiti wao lilipatikana mwaka 2023. Nusu ya watu walikuwa wamepewa dawa na nusu mafuta matupu, bila wenyewe kujua. Waliopata dawa walipungukiwa wasiwasi kidogo, lakini usingizi ulikuwa sawa kwa wote. Kuna waliomshauri aseme lile la kwanza tu. Dada aliwasomea wazee yote mawili. Mzee Roshanali, aliyekuwa akiwatangazia watu jinsi dawa inavyomlaza, aligundua kwamba yake yalikuwa mafuta ya kupikia. Alicheka kuliko wote.

Februari 2025 Dada aligundulika na saratani ya kongosho. Mama alikuja mwezi wa Agosti na kukataa kitanda. Alitaka kiti, karibu na mwanawe, na kila tulipochungulia tulimkuta macho wazi.

Jumapili, tarehe 19 Oktoba, baada ya chakula cha mchana, niliingia na dawa. Mama alikuwa ameinamisha kichwa kwenye godoro, anakoroma. Nikataka kumwinua akapumzike vizuri. Dada akanishika mkono, uso umemchangamka. "Mwache," aliniambia. "Amelala."

Hakusema neno jingine. Mama alipoamka, Dada alikuwa ameshatangulia. Mama alilia sana, kisha akasema hajalala namna ile tangu Baba atutoke.

Marehemu ameacha mume, Shadrack, binti, Asumpta, mama, Tusekile, mdogo wake, mimi, na wazee wengi wa Thorncliffe Park wanaomwita binti yao.

Pumzika kwa amani, Dada. Mama tunaye.