Ubao Uliobaki Nyuma ya Mlango: Maisha ya Mzee Atuti Gekara, 1921–1978

Ndugu, majirani wa Roret na wote mlioacha vikapu vya chai kuja hapa leo, Alhamisi tarehe 15 Juni 1978: mtu tunayemzika alikuwa mwoga. Aliomba mwenyewe lisemwe wazi kaburini, na mkewe Yunia amekubali. Anayesoma ni mimi, mdogo wake Kepher, nami pia si shujaa.

Mzee Atuti Gekara alizaliwa Nyaribari, Kisii, mwaka wa 1921, wa pili kati ya wavulana watatu. Alisoma shule ya misheni hadi darasa la nne, akajua hesabu na mwandiko wa kupendeza. Masomo yalikatika Agosti 1937. Baba yao alikuwa amemaliza nyumba mpya, akachomeka kileleni kile kijiti kinachotangaza kwamba nyumba ina mwenyewe. Siku ya tatu akafa kwa kichomi. Mwaka wa 1956 kaka yao mkubwa alipachika mlango wa mwisho wa nyumba yake Jumatatu, na Ijumaa akazikwa. Tangu hapo Atuti hakuhitaji kuelezwa na mtu. Katika ukoo wetu, nyumba ikiisha, mwenyewe huisha. Mchungaji alimkemea, naye akaitikia amina, lakini hofu ikabaki palepale.

Mwaka wa 1940 alikuja Kericho kuchuma chai, akapanda hadi kuwa karani wa mizani. Wachumaji wanakumbuka kwamba hakuwapunja ratili. Alimwoa Yunia Nyambeki mwezi wa Desemba 1949. Mwaka wa 1964 aliacha kazi ya kampuni, akanunua shamba hapa Roret, akafungua duka. Familia nzima ililala chumba kimoja nyuma ya duka kwa miaka mitano. Yunia alichoka kupanga sufuria chini ya kitanda.

Kwa hiyo mwaka wa 1969 kuta zikasimama na mabati yakapanda. Ikabaki kazi ya ndani: dari, milango, makabati, na mbao za kuzunguka chini ya ukuta. Mtu mwenye hofu yake angetafuta fundi mbovu, ambaye kazi yake haiishi. Lakini Atuti alipenda kitu kizuri kuliko alivyojipenda. Alikwenda Kericho mara tatu kukagua mafundi. Katika nyumba moja alipitisha ukucha kwenye kona ya fremu akitafuta pale mbao mbili zilipokutana, asipaone. Akasukuma droo, nayo ikaingia yenyewe polepole. Akauliza ni kazi ya nani, akaambiwa ni ya Naftaly Irungu, aliyefunzwa useremala Nairobi.

Irungu alikuja, akakataa kuanza. Alipanga mbao za podo ndani ya nyumba, akaenda zake wiki tatu. "Mbao na nyumba zizoeane kwanza, Mzee. Hapa kuna unyevu. Ukiharakisha, kesho kila kitu kinapinda." Kisha akasema neno lililomfanya Atuti aketi chini: "Na mimi sijawai acha kazi nusu. Ukitaka mtu wa nusu, wako wengi huko sokoni."

Kazi ilichukua miezi miwili. Kila kona ilipofungwa, Atuti alikonda. Yunia aliimba akipanga vyombo kwenye kabati lake jipya, na mumewe akasimama mlangoni akitoka jasho. Siku ya mwisho ulibaki ubao mmoja, wa kukaa chini ya ukuta nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, mfupi kama mkono kutoka kiwiko hadi vidole. Irungu alikuwa ameshaukata na kuupaka vanishi.

"Huo acha," Atuti alimwambia.

"Niache? Watu watasema Irungu hajui kupima!"

"Acha, fundi. Nakuomba."

Akamsimulia habari za baba na kaka. Irungu hakucheka. Aliuweka ule ubao juu ya kabati, akaondoka bila kuaga vizuri. Kila mara alipopita Roret aliuliza, "Mzee, nipige?" na Atuti akajibu, "Bado." Watoto walikatazwa kuugusa. Miaka minane ikapita hivyo.

Februari 1977 daktari alimwambia moyo wake umechoka, akalazimika kukaa kitandani. Bilhah, kitinda mimba wake, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, alikuwa akimfumia sweta ya kijivu tangu Krismasi. Mwili na mikono vilikuwa tayari. Shingo ndiyo haikuisha, wiki baada ya wiki.

"Bilhah, si uniletee hiyo sweta? Nasikia baridi."

"Bado, baba."

"Imebaki nini?"

Mtoto akaanza kulia. "Nikimaliza utakufa."

Atuti alisema baadaye kwamba hakuwahi kuogopa namna ile, hata kwenye maziko ya kaka yake. Hofu aliyodhani ameiweka juu ya kabati ilikuwa imeshamwingia mtoto. Siku hiyohiyo akatuma Irungu aitwe.

Ilikuwa Jumapili, tarehe 20 Machi 1977. Irungu alifuta vumbi, akauweka ubao mahali pake, nao ukaingia bila kuguswa na randa. Lakini alipoinua nyundo, akaishusha tena. "Mzee, wakisema ni mimi nimekuua?"

"Piga. Bilhah, njoo ushike ubao."

Yunia aliushika mkono wa mumewe, ukiwa na baridi kama wa maiti. Misumari ilikuwa minne, na kila mmoja ulipogongwa Atuti alifumba macho. Mimi Kepher nilikuwepo, nami nilitoka nje kabla ya ule wa nne.

Siku ya tatu hakuna aliyekula nyumbani humo. Siku ya tano, ile ambayo kaka alizikwa, Atuti aliomba Zaburi isomwe mara mbili. Siku ya sita akaomba ugali na mboga. Wiki iliyofuata Bilhah alimaliza shingo.

Aliishi miezi kumi na mitano zaidi. Alifariki hospitalini Kericho, Ijumaa tarehe 9 Juni 1978, akiwa amevaa sweta ile, na amelazwa nayo jenezani. Wapo watakaosema: mnaona, nyumba iliisha naye akafa. Ndiyo, amekufa. Hata aliyebakiza ubao atakufa, ila atakuwa ameishi akiutazama.

Ameacha mjane, Yunia, watoto Onyancha, Priscillah, Makori na Bilhah, wajukuu watano, na mdogo wake Kepher.

Onyancha, simama mwanangu. Nyumba yako kule Mogogosiek imebaki mlango wa jikoni mwaka wa pili sasa, na mkeo anaziba upepo kwa gunia. Baba yako alijua kwa nini. Ameniachia neno nikuambie mbele ya watu: baada ya kufukia kaburi hili, nenda na Irungu, mkautie mlango. Mama yako atalala humo usiku wa kwanza, ili msiogope.

Mzee Atuti, pumzika sasa, usiogope tena. Hakuna kilichobaki.