Mkoba wa Karani Unakwenda Nyumbani

Ijumaa tarehe thelathini mwezi huu, saa kumi jioni, mwenzetu anayejulikana jengo zima kwa jina la Mzee Tarehe atarudisha funguo za ghala la vifaa vya filamu. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na minne na miezi miwili kazini. Kuna kitu kimoja tu ghalani ambacho kinamuuma kukiacha, na hajakiomba. Nimeambiwa niandike wasifu wa furaha. Nimejaribu, jamani, palipolowa mnisamehe.

Aliajiriwa kama mpaka rangi wa mandhari, akapelekwa ghalani kushikilia nafasi wiki mbili, mtunzaji akiwa mgonjwa. Wiki mbili hizo ndizo zinazoisha Ijumaa. Jina lake alilipatia dirishani. Hakuna kilichotoka bila kuandikwa kwenye daftari jeusi: kifaa, mchukuaji, sababu, tarehe ya kurudisha. Mwongozaji mmoja mwenye jina kubwa aliwahi kunyimwa mwavuli, mvua inamwagika, kwa sababu alisema ataurudisha mvua ikikatika. Mzee alimjibu kwamba hiyo si tarehe. Bwana mkubwa akalowa chapachapa.

Mkewe wengi wenu mnamkumbuka: fundi mkuu wa chumba cha mavazi, tuliyemwita Mama Pindo. Ndiye aliyenifundisha mimi kazi, na alinifumulia kola mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka. Walikula chakula cha mchana pamoja kwenye ngazi za nyuma, wakibishana kuhusu nyuzi na vifungo mpaka muda unaisha.

Kazi kubwa ya Mzee ni mkoba wa karani. Kwenye ile filamu yetu ya zamani, ambayo watu wameikariri, karani anabeba mkoba wa ngozi ya kahawia kutoka mwanzo hadi mwisho. Mzee ndiye aliyeuchakaza. Aliusugua kwa msasa, akaupaka chai nzito, akaukalia garini mwezi mzima. Aliuchakaza vizuri mno. Miaka kadhaa baadaye, akiwa likizo, wasafishaji waliuona ghalani wakautupa pamoja na maboksi yaliyooza. Hakumfokea mtu. Alisema kosa ni lake, angeuachia mng'aro kidogo.

Mwaka juzi iliamuliwa filamu ipate sehemu ya pili, na mkoba uwe uleule. Mzee akaisimamisha filamu picha moja moja kwa siku tatu, akihesabu mishono ya mpini kwa kioo cha kukuzia. Vibanio vya shaba vya aina ile havitengenezwi tena. Kimoja alikikuta kwa mshona viatu, kimefunga sanduku la misumari. Cha pili alikipata kwa mjane wa daktari wa meno, ambaye alikiachia baada ya Mzee kwenda kunywa naye chai mara tatu. Bawaba zilitoka kwenye kasha la tarumbeta iliyokwisha kufa. Skrubu moja aliikataa kwa sababu kichwa chake kilikuwa na alama ya msalaba, na ya kwenye filamu ilikuwa na mfereji mmoja. Skrubu! Tulimcheka mpaka mbavu zikauma.

Ikabaki bitana ya ndani. Ile ya zamani, ya kijani yenye mistari myembamba, ilishonwa na Mama Pindo, na kipande cha kitambaa kilichosalia alikuwa amekitunza kwenye droo miaka yote. Wakati huo alikuwa anaumwa, na sote tulijua hatapona. Alishona kwa mkono, kitandani, mishono michache kwa siku. Walikuwa wamepatana kwamba filamu ikitoka wataitazama pamoja, viti vya mbele. Alifariki Jumanne asubuhi, amebakiza vidole vinne vya mshono kwenye pembe ya kulia. Sindano ilikuwa bado imechomekwa kwenye kitambaa.

Mzee alirudi kazini baada ya siku kumi. Kwa nia njema nilimwomba anipe nimalizie, kwa kuwa mkono wangu ni wa mwalimu wangu na hakuna ambaye angetofautisha. Yeye, mtu wa kukataa skrubu, aliufunga mkoba taratibu.

"Hapo pasiguswe, mwanangu," alisema. "Hapo ndipo alipofika."

Mpiga picha aliombwa asimame upande wa kushoto, akasimama bila kuuliza, na pembe ile haionekani kwenye filamu. Siku ya onyesho la kwanza Mzee alikaa mbele. Kwenye kiti cha pembeni aliweka koti lake, na hakuna aliyemwomba aliondoe.

Sasa, mkoba ule ni mali ya kampuni. Kanuni, ambayo yeye mwenyewe ndiye aliyeisimamia kuliko sisi sote, ni kwamba kifaa cha ghala hakihamii nyumbani kwa mtu. Asingeomba hata kwa dawa. Mwezi uliopita nilimkuta ameufungua mezani, kidole kimegusa ile sindano. Nilirudi kinyumenyume asinisikie, nikaenda kulia kati ya makoti.

Tukaandika barua kwa mkurugenzi. Walitia saini madereva, wapishi, mafundi wa taa, hata yule mwongozaji wa mwavuli. Jibu lilikuja Jumatatu, na ni ndiyo. Mzee hajui, analisoma hapa pamoja nanyi.

Nimelichukua daftari jeusi bila ruhusa yake. Kifaa: mkoba wa karani. Mchukuaji: yeye. Sababu: ni kazi ya mkewe. Safu ya tarehe ya kurudisha nimeiacha tupu, kwa mara ya kwanza tangu daftari hilo lianze.

Ahsante, Mzee wetu, kwa kila ulichotutunzia. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na siku nyingi za utulivu. Na ile safu, tafadhali, usiijaze.