Dhahabu Chini ya Ulimi

Zima hiyo redio, Werema, nawe Wegesa acha kwanza kulia, machozi utayahitaji mbele. Sogeeni, wanangu, maana pumzi niliyobakiwa nayo ni ya kusema jambo hili mara moja tu, na saa nne Padri Jairo analeta Komunyo ya mgonjwa.

Miaka ishirini na saba nimekaa kwenye benchi la nyuma wenzangu wakipanga mstari kwenda kupokea. Watu wakasema Waitara hapokei kwa sababu alimwoa Nyangi kwa ng'ombe bila pete, na mama yenu akaubeba uvumi huo mpaka kaburini, nami nikanyamaza kwa sababu ulinifaa. Uongo mtupu. Mimi niliua mtu.

Kaa chini, Werema! Ukitoka utarudi ukute maiti, na maiti haihojiwi.

Nyamongo ya wakati ule wa kukimbilia dhahabu, tulichimba shimo moja mimi na Oduol, Mluo mcheshi, tukila sahani moja. Alfajiri ya Jumapili, chini kabisa, mtarimbo wake ukafumua kipande cha dhahabu kama punje ya hindi. Akanitupia mkononi akicheka: “Omera, ndugu yangu, nusu yako inatosha mahari! Utaoa hata kabla hujajifunza kuoga!” Akainama kuokota taa. Mimi ile nusu sikuisikia. Niliona zizi zima likipumua, nikanyanyua mtarimbo nikampiga kisogoni. Hakufa. Aligeuka, jicho moja limejaa damu, akaniuliza, “Waitara, ni mwamba umeanguka?” Alidhani ni mwamba, wanangu! Alininyoshea mkono nimvute. Nikampiga tena, na tena, mpaka meno yake yakalia juu ya jiwe kama kokoto ndani ya debe, kisha nikayaangusha magogo yaliyoshikilia dari, nikapanda juu.

Wachimbaji walikuwa na desturi yao: shimo likimeza mtu, aliyetoka hai anapekuliwa mpaka ndani ya suruali. Nikaiweka dhahabu chini ya ulimi, nikalia nimefumba mdomo, wakasema huzuni imemziba. Wakanipeleka kanisani vilevile na vumbi na damu, wakidhani damu ni yangu, na katekista akanishika mkono mpaka mbele. Tulifundishwa kwamba anayepokea akiwa na dhambi ya mauti anajilia hukumu; nililijua hilo kama jina langu. Lakini kukataa kulitaka maneno, na neno moja tu lingeitema dhahabu mbele ya watu wote. Nikaupanua mdomo kidogo. Hostia ikagandia kwenye dhahabu, haipandi, haishuki, padri wa wakati ule ananikodolea macho, nikameza vyote viwili.

Dhahabu ilitoka siku ya tatu, migombani, nimechuchumaa na kijiti kama mwendawazimu. Bwana niliyemmeza nayo hakutoka. Yumo humu tangu siku ile.

Kwa dhahabu ile nilinunua ng'ombe, kwa ng'ombe wale nikamwoa mama yenu, na kwake mkaja ninyi. Sasa shikeni. Akech, mjane wa Oduol, mnayemwita shangazi, yule aliyewapikia siku zote za msiba wa mama yenu, ameomba miaka yote mifupa ya mumewe ikazikwe kwao, nami nikamwambia shimo lina kina, hapachimbiki. Panachimbika. Ni chini ya kichuguu, nyuma ya mgahawa wa Mwanne, chimbeni. Ng'ombe wote wa zizini ni wake, na asibishe mtu. Ndani ya jeneza alilonitengenezea fundi Tamimu mlazeni Oduol. Mimi blanketi linanitosha.

Nimetuma bodaboda amlete Akech kutoka Susuni. Padri nitamwungamia, najua ataniondolea dhambi. Ila mdomo huu sitaufungua tena kumpokea Bwana kabla haujafunguka kwa Akech. Padri akitangulia, mpeni chai asubiri uani. Nikikata roho yeye angali na kikombe mkononi, msiniwekee kitu mdomoni.

Mungu awape... mikono isiyotetemeka mkiikunja kusali. Awape watoto... watakaowauliza mambo mapema. Werema, usimchukie... haya, nichukie, lakini chimba.

Pikipiki hiyo. Wegesa, chungulia. Kama ni kanzu... chai. Kama ni kitenge... mlete karibu, sauti haifiki...

Shemeji... kaa... sogea hapa. Si mwamba... Shemeji, si mwamba. Ni mimi.