Machibya Shigela na Ng'ombe Wasio na Mwenyewe

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya utumishi, Mzee Machibya Shigela anakabidhi ofisi tarehe 30 Juni. Alianza kama afisa mifugo, akichanja ng'ombe. Miaka ya mwisho ameimalizia katika kitengo chetu cha Kanda ya Ziwa, akikadiria mbweu zao.

Wageni waalikwa, msicheke. Kila mwaka taifa huandaa hesabu ya gesijoto linazozitoa angani: moshi wa magari, mkaa, mashamba, na methani inayomtoka ng'ombe anapocheua. Mimi nilipewa majalala, ndiyo maana hakuna anayependa kula na mimi mchana. Machibya alipewa ng'ombe, yaani alipewa Usukuma mzima.

Tatizo ni kwamba huku kwetu hakuna mtu mwenye ng'ombe. Mwenye zizi atakwambia hawa ni wa shemeji, ameachiwa tu awatunze. Mfuate shemeji, atakwambia wake wako mbali, wahesabiwe hukohuko. Kwa hiyo ng'ombe anacheua kutwa nzima, lakini kwenye taarifa hayupo. Machibya alipojitetea kwamba hatafuti ushuru, anatafuta gesi tu, bibi mmoja wa Misungwi, Teodora, alimuuliza mbele ya wajukuu: "Kwa hiyo baba, safari hii mnatoza hata mbweu?"

Kitengo kilikuwa na dawa yake. Mkuu wetu, Bwana Nathaniel, alichukua idadi ya mwaka uliopita, akaiongeza kidogo kwa heshima, nasi tukapiga makofi. Mpaka wakaguzi wa taarifa walipouliza imekuwaje tumechanja ng'ombe wengi kuliko tulio nao. Tukapewa hadi taarifa ya mwaka huu kurekebisha, la sivyo wangeweka makisio yao wenyewe. Machibya akaapa kwamba hatastaafu huku ng'ombe wa kwao wanakisiwa na watu ambao hawajawahi hata kukanyaga mavi yao.

Jibu alilipata kwenye foleni ya kivuko pale Kigongo, muda mfupi kabla daraja halijafunguliwa. Masele, mfugaji aliyemwapia asubuhi ileile kwamba ana ng'ombe wanne tu wa maziwa ya watoto, alikuwa akijitapa kwa abiria: "Mimi naaminika, bwana! Nusu ya kijiji wameacha ng'ombe wao kwangu, zizi limefurika!" Machibya alijibanza nyuma ya lori la dagaa, akasikiliza hadi mwisho. Tangu hapo hakumuuliza mtu tena ana ng'ombe wangapi. Aliuliza, "Umeaminiwa ng'ombe wangapi wa watu?" Wafugaji wakavimba vichwa, wakamshika mkono hadi zizini, wakahesabu pamoja.

Idadi ikapanda hadi Nathaniel akapiga kelele, "Machibya, umetuchafulia hewa!" Hewa ilikuwa ileile. Kilichokuwa kisafi ni karatasi zetu. Taarifa imepita mwezi Mei, na ng'ombe wetu wote wamo.

Karibu wote. Selina, anayerithi kiti chake, alimalizia zoezi Mkolani, akabisha hodi kwa Machibya mwenyewe. Shikamoo ikaitikiwa, soda ikaletwa. "Mwanangu, mtumishi kama mimi ng'ombe nitawatoa wapi?" Selina akamtega kwa lile swali la kuaminiwa. Mzee akacheka tu, maana mtego aliusuka yeye. Mara nyuma ya nyumba kitu kikalia. "Huyo wa jirani," akasema. Jirani yake, Bi Evelina, tumemuuliza. Anafuga kuku.

Mzee wetu, tunakushukuru kwa kutufundisha kuuliza vizuri, hata kama kujibu hukutufundisha. Zawadi yetu ni mtamba mwekundu, utakabidhiwa leo ukumbini mbele ya watumishi wote, mkeo Mama Tereza, na mpiga picha. Kapumzike salama, unywe maziwa, uzeeke taratibu. Selina atapita Julai kumjulia hali mtamba. Huyo usije ukasema ni wa jirani.