Mama Aliyemo Ndani ya Simama

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, ndugu wageni waalikwa, shemeji yetu uliyetuazima mkeo miaka yote hii, wasahihishaji wenzangu, wapangaji kurasa, na mafundi wa mashine mlioruhusiwa kupanda huku juu: habari za mchana.

Niwieni radhi nikiongea huku nachungulia mlango. Mnasikia sakafu inavyotetemeka? Ni mashine, hapo chini yetu, inachapa kitabu cha kusoma cha darasa la pili, na hicho ndicho kitabu cha kwanza kutoka chumba cha usahihishaji bila Bi Mpaka, tunayemuaga leo, kukipitia. Nimekipitisha mimi, asubuhi ya leo. Nilimfuata jikoni nikamwomba akitupie jicho tu. Akanijibu, "Mimi leo mgeni, mwanangu," akaendelea kukoroga chai yake. Jamani, mtu anaagwa mchana, asubuhi tayari ni mgeni?

Wageni huenda mnajiuliza jina la Bi Mpaka limetoka wapi. Wengine hudhani ni ukali. Ukali anao, sikatai. Muulizeni shemeji, ambaye ujumbe wake wa simu hurudishwa ukiwa umesahihishwa koma. Lakini jina limetokana na neno moja.

Zamani kidogo, Bodi iliagiza kwamba katika kitabu hikihiki kila palipoandikwa "mama" paandikwe "mlezi", kwa sababu watoto wengi wanalelewa na bibi, na shangazi, na baba peke yake. Agizo zuri. Bi Mpaka, ambaye kompyuta ilikuwa bado ngeni kwake, akaandika mama kwenye kisanduku cha kutafuta, akaandika mlezi kwenye kisanduku cha kubadilisha, akabofya "badilisha zote". Kufumba na kufumbua kazi imekwisha, akaenda zake kunywa maji. Nakala ya kwanza ilipotoka mashineni akaifungua pale mwalimu anapoingia darasani. Ilisomeka hivi: "Watoto wote wakasimlezi."

Naona mnacheka. Yeye hakucheka. Ndani ya "simama" mlikuwa na mama, ndugu zangu, na kompyuta, ambayo haijui kusoma, ilimwona ikamwondoa. Bi Mpaka akashuka ngazi mbio, viatu mkononi, akaizima mashine mwenyewe.

Ndipo akajifunza ruwaza, yaani namna ya kuieleza programu ya kuhariri sura ya kitu unachokitafuta, badala ya kuitupia neno tupu. Nimeiandika ubaoni nyuma yangu: \bmama\b. Ule mkwaju uliolala kinyume pamoja na herufi b ni mpaka wa neno: anzia hapa, komea hapa, usiingie kwa jirani. Na kwa kuwa watoto husema mamangu, mamako, mamake, akatunga ya pili: \bmama(ngu|ko|ke)\b, vile vijiti vya katikati vikiwa na maana ya "au". Kilichonaswa kwenye mabano kinakumbukwa, na upande wa kubadilisha unaandika mlezi wa\1, ile \1 ikirudisha kilichokumbukwa. Mamangu anakuwa mlezi wangu, mamako mlezi wako, mamake mlezi wake. Siku ya kwanza kuiona ikifanya kazi nilipiga meza kwa furaha. Akanituliza: "Usishangilie. Tafuta kwanza, tazama kila kilichowaka njano, ndipo ubadilishe."

Sasa mnajua kwa nini situlii. Mwandishi wetu amekiandika upya kitabu kilekile, mama wake wote wamerudi, na agizo la Bodi halijabadilika. Asubuhi nikaandika ruwaza. Mpaka wa mwisho niliuweka, naukumbuka. Wa mwanzo je? Nilitazama yaliyowaka njano, ndiyo, lakini katikati mkaniita nije kupanga viti, na niliporudi nikabofya tu. Tangu hapo keki yenu nimeishia kuitazama. Ndugu Mkurugenzi, umetangaza hapa kwamba chumba nakabidhiwa mimi. Utakabidhi chumba kwa mtu ambaye watoto wake hawajui kusimama?

Mlango huo unafunguliwa. Fundi mkuu, pita, pita mbele. Ndiyo nakala yenyewe? Usinipe mimi, mpe yeye. Bi Mpaka, najua leo wewe ni mgeni, lakini nakuomba utusomee. Pale mwalimu anapoingia darasani. Kwa sauti, wasikie hadi viti vya nyuma.

Mmemsikia? Narudia kwa waliokuwa wanatafuna: "Watoto wote wakasimama."

Ngojeni nivute pumzi. Kumbe mpaka niliuweka. Ona, anafunua ukurasa mwingine, na mwingine tena. Mgeni gani huyu anayetoa kalamu mkobani? Bi Mpaka, usiniue. Anasoma. Bado anasoma. Anairudisha kalamu. Ndugu zangu, sijawahi kuiona kalamu ile ikirudi mkobani bila kuandika kitu, na sitaki kudanganya, machozi yananilenga.

Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu wageni, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu na kuivumilia miguu yangu hii isiyotulia. Nina ombi moja. Bi Mpaka alitukataza kumwita mama humu ndani. Alisema kazini ana cheo chake, mama aachwe nyumbani. Cheo kimekwisha leo. Acheni sahani, sogezeni viti, inukeni nyote, na wewe Mheshimiwa pia.

Tumesimama, mama.